Maji ni yale yale, sheria siyo ile: historia ya kufunga uvuvi, toka Tanganyika mpaka Lualaba



Siku hizi, tukifika katikati ya mwezi wa tano, tunasikia kwenye redio kama Ziwa Tanganyika limefungwa. Ndagala zinapungua sokoni Kabambare, bei inapanda, na ukimuuliza mama mwenye kuuza anakujibu tu: « Ziwa ilifungwa, baba. » Wengi wetu tunaona kufunga uvuvi ni kitu cha jana, kitu cha mashirika na semina. Sivyo. Ni historia ndefu, na mimi kama agronome naona historia hiyo imetuacha sisi watu wa mto kando ya njia.

Tuanze na maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika kwenye mlango huo, kisha akaendelea mpaka Nyangwe, hapa kwetu. Stanley alipopita mwaka 1876 maji yalikuwa yamezibwa na majani na udongo, hayatiririki vizuri. Mwaka 1879 Hore, mmisionari wa London, aliukuta Lukuga unakwenda kwa nguvu. Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba inapita Kongolo, inashuka mpaka Kasongo-Rive. Kwa hiyo sehemu ya maji tunayooga Kasongo yametoka kwenye ziwa lile linalofungwa. Maji yanashuka kwetu, lakini sheria inabaki juu.

Je, zamani hakukuwa na sheria? Ilikuwako, ila haikuandikwa. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa, wanawake wanabadilishana vyungu, vyakula na samaki, na Wagenya ndio wenye mitumbwi na wenye mto. Mpaka leo kwenye maporomoko ya Kisangani, kwa Wagenya wa kule, kila jamaa ina mahali pake pa kutega vikapu kati ya miti iliyofungwa kwa kamba za msituni. Mahali pale panarithiwa. Mtu hawezi kuamka tu na kutega kwa mwenzake. Ukiangalia vizuri, hiyo ni sheria ya uvuvi kamili: inasema nani avue, wapi, na kwa chombo gani.

Na ziwani kulikuwa na polisi asiyekula rushwa: mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani ulikuwa moto wa kuni kwenye mtumbwi. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa mvuvi hauna nguvu tena, samaki hawakusanyiki, watu wanarudi nyumbani kushona nyavu. Kila mwezi, siku kadhaa, ziwa lilipumzika bila mtu kutoa amri.

Halafu ikaja karatasi. Serikali ya kikoloni ya Wabeleji ilitoa dekre ya tarehe 12 Julai 1932 juu ya kugawa haki za uvuvi, na dekre ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi. Tukumbuke ni wakati gani. Reli ya Kindu–Kongolo ilikuwa imefunguliwa tangu 1911, ile ya Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie ya leo, tangu 1915. Migodi ya bati ya Maniema na ile ya shaba ya Katanga ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa. Samaki hakuwa tena chakula cha kijiji peke yake, alikuwa posho. Nani apewe haki ya kuvua kwa biashara, hilo ndilo swali karatasi ilianza nalo.

Sasa angalieni ajabu hii. Uwindaji ulipata sheria yake mpya tarehe 28 Mei 1982. Mwaka 2011 tukapata sheria ya misingi ya kilimo, mwaka 2014 sheria ya kuhifadhi mazingira. Lakini uvuvi uliendelea kuegemea zile dekre za miaka ya 1930. Mnyama wa msitu alibadilishiwa nguo, samaki akabaki na ya babu.

Wakati huo huo vyombo havikungoja. Miaka ya 1950 taa za petroli zilichukua nafasi ya kuni, wavuvi Wagiriki wakaleta nyavu kubwa za kuzungusha kutoka Usumbura, na mitumbwi miwili ikaungwa pamoja kubeba wavu wa kuinua. Watafiti wa Uvira walianza kuhesabu na kupima. Kwa miaka mingi samaki walionekana hawaishi. Kufika miaka ya 1990, meli za nyavu kubwa upande wa kaskazini wa ziwa zilikuwa zinakufa moja moja, kwa sababu hazipati tena cha kulipa mafuta. Mwaka 2003 wataalamu wakaonyesha jambo la pili: ziwa linapata joto, maji ya chini yenye mbolea hayapandi vizuri, na chakula cha samaki kinapungua. Mwaka huo huo, tarehe 12 Juni, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia sahihi mkataba wa ziwa kule Dar es Salaam. Ofisi ya pamoja ikawekwa Bujumbura. Mwaka 2021 nchi hizo nne zikakubaliana juu ya hatua za pamoja za uvuvi, na mojawapo ni hii tunayoisikia kwenye redio: kufunga toka 15 Mei mpaka 15 Agosti.

Nchi nne, kwa nini? Kwa sababu samaki hana pasipoti. Marekani na Kanada walifundishwa somo hilo na salmoni wa bahari ya Pasifiki, ambaye wavuvi wa biashara humfuata kwa boti zinazokokota ndoana nyuma yake. Mmoja akijizuia, mwingine anavua kile mwenzake alichokiacha. Ikabidi waandike mkataba mwaka 1985 wa kugawana mavuno, na musimu unafunguliwa na kufungwa kwa kufuata hesabu ya samaki.

Hapo ndipo nafika kwetu. Kufunga ziwa kuna maana kwa ziwa: ndagala anaishi karibu mwaka mmoja tu, anakua haraka, na ukimpa miezi mitatu ya kupumua utamuona amerudi. Ni kama shamba unalolilaza. Lakini kwenye kalenda ya Kasongo na Kabambare, 15 Mei mpaka 15 Agosti ni nini? Ni kiangazi. Ni wakati Luama inashuka, vijito vinakatika, samaki wanabaki wamefungiwa ndani ya vidimbwi. Ndiyo saa ambayo mtoto yeyote anaweza kuwamaliza. Na ndiyo saa ile ile ndagala za ziwa zinapotea sokoni na bei ya samaki yeyote inapanda. Sheria ya ziwa inamwambia mvuvi wa Kalemie apumzike, halafu soko linamwambia kijana wa Kabambare aingie mtoni.

Anaingia na nini? Na mustikere iliyotolewa kwa ajili ya malaria, ambayo haiachi hata mtoto wa samaki. Au na majani ya Tephrosia vogelii yaliyopondwa. Sisi wa agronomi tunaujua mti huu: unarutubisha udongo, unalinda maharage ghalani dhidi ya wadudu. Ndani yake mna rotenoni, na rotenoni ikiingia kwenye kidimbwi haichagui mkubwa na mdogo. Halafu mvua ya kwanza ikirudi, mwezi wa tisa au wa kumi, kambale wachache waliobaki wanapanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji ili wazae. Tunawangoja pale pale na vikapu.

Ndiyo maana nasema tusikopi tarehe za ziwa, na tusingoje dekre nyingine. Mto wetu unahitaji mambo mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona kwa macho: hakuna sumu wala mustikere ndani ya kidimbwi cha kiangazi, na hakuna kuziba njia ya samaki wiki za kwanza za maji kupanda. Sheria ya 2008 juu ya entite za chini inazipa sekta na sheferi utu wao mbele ya sheria na baraza lao. Pale ndipo pa kuandika, pamoja na mashefu na wavuvi, kwa lugha ambayo watu wanasema.

Nyinyi mlio kwenye haki, mnajua kuandika maandishi yanayosimama. Nyinyi wa afya, mnajua mtoto asiyepata samaki wala nyama anavyovimba miguu. Sisi wa agronomi tuna deni letu: bwawa la tilapia, maharage, kuku, kitu cha kuingiza kwenye sufuria wakati mto umepumzika. Kukataza bila kulisha ni maneno ya hewa, na wavuvi wa ziwa wanalalamikia hilo hilo miezi mitatu ya kufungwa.

Wagenya waliheshimu mahali pa mwenzao kwa sababu na wao walikuwa na mahali pao. Kiangazi kijacho hakiko mbali. Kwenye kijito cha kwenu, nani leo ana mahali pake, na nani anapalinda? Tuandikieni hapa chini, kijiji kwa kijiji.