Nani Anaitwa Kutumika? Jembe la Apolo Kivebulaya na Jiko la Usharika

Msimu wa mavuno unapokaribia, mimbari zetu hurudia somo la utumishi. Waumini huhimizwa kujitoa, kunyenyekea na kumtumikia Mungu kwa kuwatumikia wenzao. Somo hilo ni la kweli, na sina nia ya kulipunguza uzito. Ninalolihoji ni nani anayehubiriwa. Wito wa kunyenyekea huwafikia kwanza wale ambao maisha yamekwisha kuwashusha: msichana wa kazi za ndani, mjane anayefagia kanisa, mwinjilisti wa kijijini anayengoja posho ndogo isiyofika kwa wakati. Wenye vyeo huusikia wito huohuo wakiwa wamekaa mbele, kisha hutoka kwenda kuandaliwa chakula.

Hoja ya makala hii ni kwamba Agano Jipya linaelekeza wito wa kutumika, kabla ya yeyote, kwa mwenye uwezo wa kuukataa. Asiyekuwa na uwezo huo kanisa linamdai kidogo sana, na lenyewe linadaiwa naye haki.

Tuanze na Yohana 13. Kabla ya kueleza kwamba Yesu aliweka kando vazi lake na kujifunga kitambaa, mwandishi anatuambia kwanza kwamba Yesu alijua Baba amekwisha kumkabidhi vitu vyote. Mpangilio huo una maana. Anayeinama kuosha miguu ni mwenye nyumba, tena akijua hivyo. Paulo anafuata njia hiyohiyo katika Wafilipi 2: anataja kwanza hadhi ya Kristo, ndipo anaeleza jinsi alivyoiachilia. Na katika 1 Wakorintho 9 anatumia aya nyingi kuthibitisha kwamba mtume ana haki ya kulishwa na makanisa, na ana haki ya kusafiri na mke. Akishaithibitisha haki hiyo ndipo anasema hakuitumia. Mtu hawezi kuacha alichonyang'anywa.

Yupo atakayenipinga kwa kutaja 1 Petro 2, ambamo watumwa wanaambiwa wawatii bwana zao, hata walio wakali. Pingamizi hilo ni zito na historia yake ni chungu. Aya hizo zilisomwa mbele ya watu waliofungwa minyororo. Lakini tuisome sura yenyewe kwa makini. Mwandishi anakiri waziwazi kwamba mateso hayo si ya haki. Anawafariji wanaoyavumilia, wala hasemi kwamba kulazimishwa kwao ndiko utumishi ambao wengine wauige. Naye mwandishi wa Wakolosai, baada ya maneno kama hayo kwa watumwa, anawageukia mabwana na kuwaagiza wawape watumwa wao yaliyo haki na sawa. Waraka kwa Filemoni nao umeandikwa kwa bwana. Onesimo hakuandikiwa barua ya kumhimiza anyenyekee.

Mfano hai wa jambo hili tunao katika eneo letu la Maziwa Makuu, nao ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Ujanani alipitia mafundisho ya Kiislamu na vita vya dini vilivyoigawa nchi hiyo, na mwaka 1891 alikuwa miongoni mwa watu walioandamana na jeshi la afisa Mwingereza Lugard kuelekea magharibi. Alibatizwa mwaka 1895 na kutumwa katika ufalme wa Toro kuwa mwalimu wa kanisa. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akaingia Mboga, ambayo leo ni Boga katika jimbo la Ituri, Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu Chifu Tabaro hakuwataka, na njia yake ya kuwafukuza ilikuwa nyepesi: aliwanyima chakula.

Apolo alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe.

Kwa msomaji wa leo hilo laweza kuonekana jambo dogo. Katika Buganda ya wakati ule, shamba la migomba lilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume aliyekwisha kuwa askari, akajua kusoma na kuvaa cheo cha ualimu, alitazamiwa kulishwa. Miaka michache baadaye Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwagawia machifu na wakubwa, Waprotestanti wengi wakiwamo, mashamba makubwa yaliyopimwa kwa maili za mraba. Muganda Mprotestanti mwenye elimu na uhusiano na Waingereza alikuwa na milango mingi ya kubisha. Apolo alikuwa ng'ambo ya Semliki, ameinamia tuta, akifanya kazi ambayo mwanamume wa kwao angeona haya kuonekana akiifanya. Hapo ndipo utumishi wake ulipo, hata kabla ya mahubiri yake. Alikuwa na kitu cha kuacha, akakiacha mbele ya macho ya watu waliotaka ashindwe.

Majaribu yalizidi. Wakati watu wakikata matete ya kujengea kanisa, mwanamke mmoja wa jamaa ya chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichika ndani ya majani, akafa. Apolo alishtakiwa kwa kifo hicho, akapigwa, akapelekwa Toro akiwa mfungwa. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika dhiki hiyo Kristo alimtokea na kumtia moyo. Alipoachiliwa alirudi Mboga. Tabaro, aliyekuwa adui yake, alikuja kubatizwa. Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903 na kufanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe mwaka 1922. Hakuoa, nyumba yake ilijaa wanafunzi na watoto waliohitaji mlezi. Miaka ya mwisho aliitumia zaidi kati ya Wambuti wa msitu wa Ituri, na alipofariki mwaka 1933 alizikwa, kwa agizo lake, kichwa kikielekea msituni, upande wa magharibi, kinyume cha desturi.

Hata hivyo habari zake zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Mtu aliyemtangaza sana Ulaya ni rafiki yake mmisionari, A. B. Lloyd, katika vitabu vidogo vilivyosomwa na watu wengi Uingereza. Humo Apolo ni Mwafrika mnyenyekevu, mpole, asiyedai kitu. Picha hiyo iliwafaa sana wasomaji waliokuwa wakiitawala nchi yake. Mwafrika aliyesifiwa kwa kutumika hakuwa tishio, na misheni iliyomsifu haikumfanya askofu. Utafiti wa Emma Wild-Wood, uliochapishwa mwaka 2020, unatusaidia kumwona mtu mwenye mipango yake, Muganda aliyeingia nchi za watu akibeba pia mabadiliko ya kijamii na kisiasa ya wakati wake. Mimi nauona ukosoaji huo kuwa msaada kwa hoja yangu. Tukimwona Apolo kama mtu mpole aliyezaliwa kutumika, hatuna la kujifunza kwake. Tukimwona kama mtu mwenye nguvu, nia na nafasi, aliyechagua jembe, basi anawahoji maaskofu na makasisi wetu moja kwa moja.

Kutumika kwa namna hiyo hakumaanishi kunyamaza. Kati ya 1974 na 1977 Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Jina la Boga, kijiji alichotumikia Apolo, lilikuwa limekwisha kuingia katika cheo cha mkuu wa kanisa. Luwum angeweza kukitumia cheo hicho kujilinda. Badala yake yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua kupinga mauaji na ukatili wa vyombo vyake. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa na kuuawa, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Askofu mwenzake Festo Kivengere alitoroka kwa miguu hadi Rwanda, akaendelea kusema akiwa uhamishoni. Simhukumu kwa kutoroka. Wote wawili waliitumia nafasi yao kwa ajili ya watu waliokuwa wakiuawa bila msemaji, na wote wawili walilipa gharama, mmoja kwa uhai wake.

Sasa tuingie nyuma ya kanisa siku ya ziara ya askofu. Kuni zimewashwa kabla hakujakucha. Sufuria kubwa zimepangwa juu ya mafiga, moshi unaingia machoni, na mama mmoja anageuza pilau kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe huku mwenzake akimshikia mtoto. Ibada wanaisikia kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya mti. Mahubiri ni juu ya utumishi. Wakati wa chakula, wageni wa meza kuu wananawishwa mikono na wasichana wa kwaya wanaopita na birika na beseni. Akina mama watakula mwisho, ukoko ukiwapo.

Najua wengi wao hufanya kazi hiyo kwa furaha, na wangeudhika kuambiwa wanaonewa. Furaha yao ni ya kweli na ina heshima mbele za Mungu. Lakini furaha ya mpishi haimwondolei anayekula wajibu wake. Swali langu linamhusu mwenye kunawishwa: Bwana aliyeshika beseni kwa mikono yake mwenyewe angekaa upande gani wa meza hiyo?

Kanisa la kwanza lilikutana na shida ya jiko mapema sana. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahaulika katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwahubiria wajane hao uvumilivu. Walichaguliwa wanaume saba, wote wenye majina ya Kiyunani, yaani inaelekea walitoka upande ule ule uliolalamika, wakakabidhiwa usimamizi wa mgawo. Kanisa liliwapa waliosahaulika mamlaka juu ya chakula, na Luka anaandika kwamba baada ya hapo idadi ya wanafunzi iliongezeka sana Yerusalemu.

Mabaraza ya wazee na halmashauri za sharika zina uwezo wa kufanya jambo kama hilo katika kikao kijacho cha bajeti. Posho ya mwinjilisti na malipo ya mfagiaji vitangulie fungu la mapokezi ya wageni. Mwakilishi wa wapishi akae katika kamati ya fedha akiwa na kura kamili. Na siku ya ziara, wazee wa kanisa wapangiwe zamu ya kupika na kuosha vyombo, mchungaji akiwa wa kwanza kwenye orodha, ili akina mama wakae ndani ya ibada tangu wimbo wa kwanza.