Waliobeba Vita Kichwani

Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee wa Afrika Mashariki ya Kijerumani hakutaka vita. Aliutegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, ulioacha nafasi kwa makoloni ya ukanda huu kukaa kando ya ugomvi wa Ulaya. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alivitaka, na akavipata.

Novemba hiyo Waingereza walishusha Tanga wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakachapwa na kikosi cha watu wapatao 1,000 huku nyuki waliochokozwa na risasi wakiwashambulia. Kisa cha nyuki hakikosi wasimulizi. Wala kile cha manowari Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake ikaopolewa na kuendelea kupigana nchi kavu. Vita hivi vimesimuliwa mno kama burudani.

Machi 1916 Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Uingereza, alisonga mbele kuelekea Moshi, akiwa na farasi na nyumbu. Mbung'o waliwamaliza kwa maelfu. Malori yakanasa kwenye matope ya masika. Kikabaki kichwa cha mtu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Piga hesabu: akibeba unga, naye akala kilo moja tu kwa siku, safari ya siku 13 kwenda na 13 kurudi inaumaliza karibu mzigo wote. Askari wa mstari wa mbele anabakiziwa kilo moja hivi. Ndiyo maana kila jeshi liliposogea mbali na reli, walihitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi wenzao, na wengine wa kuwalisha hao.

Watu hao walipatikanaje? Nchini Kenya ilitungwa sheria ya kuwachukua kwa lazima mwaka 1915, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth alisimamia msako mkubwa zaidi, machifu wakitakiwa kutoa vijana wao. Aliyezoea ndizi au mtama nyumbani alipewa unga wa mahindi, akaupika mbiombio kwa kuni mbichi mvuani, akala ugali usioiva. Tumbo likaanza kuharisha damu. Waliouawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Upande wa Uingereza pekee, waliopita katika kazi hiyo wanakadiriwa kuwa kama milioni moja, na waliokufa wanakaribia 100,000. Upande wa Wajerumani hakuna hata hesabu ya kuaminika. Lettow husifiwa kwamba hakushindwa vitani. Mimi huuliza alikula nini. Alikula ghala za wanakijiji, na waliomfukuza walikula kilichobaki. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, mvua ilipokosekana ikaingia njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Kisha homa ya mafua ya 1918 ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Lettow alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Machi 1919 alipokelewa Berlin kwa gwaride.

Dar es Salaam, sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia, lakini aliye juu ni mwenye bunduki. Kariakoo, ilikokuwa kambi ya wapagazi, ikawa soko. Kuhusu makaburi yao, Gavana Mwingereza Horace Byatt alishauri yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na tume ya makaburi ya vita ya Waingereza haikumpinga. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba waliokufa wakiitumikia Uingereza, wengi wao Waafrika na wenyeji wa Mashariki ya Kati, wasiopungua 116,000 na pengine kufikia 350,000, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.