Mawaridi na maua ya bustani Bunia

Vitabu vingi vya kilimo cha mawaridi vimeandikwa na watu wa nchi zenye baridi kali, na sehemu kubwa ya mafundisho yake ni namna ya kuuvusha mmea salama hadi baridi iishe. Huko Ottawa, Kanada, ambako jotoridi huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, maji yaliyomo kwenye shina huganda, na mwaridi uliobebeshwa mara nyingi hufa pale pale jicho lilipounganishwa na mche wa chini. Ndiyo maana mkulima wa huko hufukia kitako cha mmea kwa udongo kabla theluji haijatanda, na ndiyo maana watafiti wa serikali ya Kanada walitumia Rosa rugosa, mwaridi wa Siberia na Japani, kuzalisha aina sugu kama 'Martin Frobisher', iliyotolewa mwaka 1968. Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, iko takribani nyuzi moja na nusu kaskazini mwa ikweta, mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari, na haijui theluji. Hata hivyo mafundisho hayo yanaifaa, ikiwa msomaji atafuata sababu zake na kuacha tarehe zake. Majira ya baridi huupa mwaridi pumziko, na ubaridi huufanya ukue taratibu. Bunia, pumziko hilo hutokana na kiangazi na mkasi, na ukuaji wa taratibu hutokana na mwinuko.

Wapo wanaoshikilia kwamba mwaridi usioonja baridi hujichosha ukafa mapema. Kwa mawaridi ya kale ya Ulaya, yanayochanua mara moja tu kwa mwaka, pingamizi hilo lina nguvu: mengi yao hungojea baridi ndipo yatoe maua, na kuyapanda Bunia ni kupoteza nafasi. Lakini mawaridi ya siku hizi yana ukoo mwingine pia. Kati ya miaka ya 1790 na 1824 Ulaya ilipokea kutoka China mawaridi yenye tabia ya kuchanua tena na tena, yaliyotokana na Rosa chinensis na Rosa gigantea, mimea ya maeneo ambayo baridi yake si kali. Damu hiyo ndiyo iliyotawala mawaridi mapya, kuanzia 'La France' ya mwaka 1867. Tena Afrika yenyewe ina mwaridi wake wa asili, Rosa abyssinica, unaoota porini katika nyanda za juu za Ethiopia. Kinachoukubali mwaridi barani humu, basi, ni nyanda za juu.

Mashamba ya Afrika Mashariki yanalithibitisha hilo kwa ukubwa wa ua. Kandokando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda, kwenye mita 1,200 hivi, wakulima wamejikita katika mawaridi ya vichwa vidogo. Naivasha nchini Kenya, karibu mita 1,900, vichwa huwa vikubwa zaidi, na penye mwinuko zaidi ya hapo hukua vikubwa zaidi tena. Usiku wenye ubaridi huchelewesha ua, na ua linalochelewa hujijenga. Itasemwa kwamba mashamba hayo yako chini ya mahema ya plastiki, hayafanani na kiwanja cha nyumba. Ni kweli, lakini kazi kuu ya plastiki hiyo ni kuzuia mvua isilowanishe majani. Mashamba hayo hayahitaji mitambo ya joto kama ilivyo Uholanzi. Kwa mwinuko wake Bunia iko karibu zaidi na Uganda kuliko Naivasha. Mkulima wa mjini afadhali achague mawaridi yanayochanua kwa vishada, na amwachie mwenye shamba kwenye milima ya Djugu yale ya kichwa kimoja kikubwa. Kasenyi, chini kabisa ufukoni mwa Ziwa Albert, joto litaushinda mwaridi.

Pumziko linahitaji mkono wa mtu, kwa sababu urefu wa siku Bunia hubadilika kwa dakika 10 tu hivi mwaka mzima, na mmea haupati ishara yoyote ya kulala. Ishara iliyopo ni kiangazi cha Desemba hadi Februari. Wakati huo samadi isimamishwe na maji yapunguzwe. Mvua zinapokaribia, mwaridi upogolewe: matawi makavu na yanayosuguana yaondolewe, yaliyobaki yakatwe mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ili chipukizi lisielekee katikati ya kichaka. Kisha majani yote yaliyosalia yanyofolewe kwa mkono. Hatua hii huonekana ya kikatili, na wengi huiacha, lakini ndiyo inayofanya kazi ya theluji: mmea uliovuliwa majani hulazimika kuanza upya, na vimelea vya ugonjwa wa madoa meusi huondoka na majani hayo, mradi yachomwe. Wiki sita hadi nane baadaye maua hufunguka.

Madoa meusi ndiyo adui halisi wa mwaridi Bunia, kwa kuwa mvua ni nyingi na hakuna baridi ya kukata mzunguko wa kuvu huyo. Miche ipandwe mbalimbali, penye jua la asubuhi, na maji yamwagwe chini, yasiguse majani. Mimea mingine ya bustani ina hesabu yake. Tulipu hazina tumaini, kwani vitunguu vyake hudai wiki nyingi za ubaridi. Dalia, kinyume chake, ni mmea wa milima ya Meksiko: Ulaya viazi vyake hung'olewa kila mwaka visigande, ilhali hapa vinaweza kubaki ardhini, mradi maji yasituame.

Pingamizi zito kuliko yote si la kibotania. Bunia imepokea watu wengi waliokimbia vita, hasa tangu mwishoni mwa 2017, na penye kiwanja kimoja, maharage na sombe vina haki ya kwanza. Haki hiyo isiguswe. Lakini mwaridi unatosheka na ukingo wa uzio, mahali ambapo maharage hayapandwi, na si lazima ununuliwe: kipande cha shina lenye unene wa penseli, sentimita 20 hivi, kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli mwanzoni mwa mvua, huota mizizi. Mmea wa namna hii haukubebeshwa, hivyo ukikatwa hadi chini huchipua ua lile lile.