Jedwali la Majedwali: Kutoka kwa Codd hadi Faili za Ghuba

Muhula uliopita mmoja wetu, katika somo la kanzidata, aliitaka kompyuta iorodheshe majedwali yote yaliyomo. Yakatoka manne. Jirani yake, aliyekuwa na akaunti yenye haki zaidi, akauliza swali lile lile kwenye kanzidata ile ile, yakatoka kumi na moja. Tukadhani kuna kasoro. Haikuwepo. Tuliyekuwa tukimwuliza ni INFORMATION_SCHEMA, sehemu inayoeleza kanzidata ina vitu gani na nani ana haki gani juu ya kila kimoja. Kila mtu huonyeshwa vile tu alivyopewa haki navyo. Usichoruhusiwa hutajiwi hata jina lake.

Chimbuko lake ni Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko California. Mwaka 1970 alipendekeza data zote ziwekwe katika majedwali. Mwaka 1985 akatoa kanuni zake, na ya nne ndiyo iliyotuvutia: maelezo ya kanzidata yenyewe nayo yawe majedwali, yaulizwe kwa lugha ile ile ya data za kawaida. Amri za kutoa haki na kuzinyang'anya, GRANT na REVOKE, zilikwisha kutengenezwa IBM miaka ya 1970. Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 ndicho kilichoipa INFORMATION_SCHEMA jina na umbo lake.

Wapenzi wasomaji, mtauliza haya yanahusu nini chama cha Kiswahili. Yanatuhusu kwa sababu hapa Doha ipo katalogi nyingine inayotugusa zaidi. Tangu 2014 Maktaba ya Taifa ya Qatar na British Library wanaweka mtandaoni, katika Qatar Digital Library, kumbukumbu za maofisa wa Uingereza katika Ghuba. Humo mna faili za watumwa walioomba hati za uhuru, na baadhi yao walizaliwa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Waingereza hawakuwa na ofisi Doha hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa hiyo mtumwa wa Qatar aliyetaka hati alilazimika kutoroka kuvuka bahari, mara nyingi hadi Bahrain. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952. Wanachama wapya, nendeni Bin Jelmood House pale Msheireb, historia hiyo imeelezwa wazi.

Sasa itazameni hati ya uhuru kwa jicho la somo letu. Nani ametoa, nani amepewa, amepewa nini. Ndizo safu za jedwali la haki katika INFORMATION_SCHEMA, karibu moja kwa moja. Jedwali hilo lina na safu nyingine, ya kuuliza kama aliyepewa anaweza naye kumpa mwenzake. Tulipofika hapo tulinyamaza kidogo, tukiwafikiria wake na watoto walioachwa nyuma.

Shida yetu ilianza tulipotafuta majina. Kwetu mtu huitwa Feruzi, Almasi, Mabruki. Karani aliandika alivyosikia, tena kwa herufi za Kiingereza: Firuz, Almas, Mabruk. Ukiandika Feruzi, usishangae ukirudi mikono mitupu, na si kwamba mtu huyo hayumo. Maelezo ya katalogi yameandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu, na hatuwalaumu waliofanya kazi hiyo kubwa. Mengi tusingeyajua kabisa bila wao. Hata hivyo, hapa hakuna haki tuliyonyimwa, kila ukurasa uko wazi kwa yeyote. Kinachotuficha watu wetu ni tahajia tu. Mwalimu wetu mmoja alituambia hilo ni gumu kuliko kufuli, maana kufuli angalau unaliona.

Basi tumeanzisha jedwali letu dogo, lenye safu tatu: jina kama lilivyoandikwa katika faili, jina kama bibi angelitamka, na namba ya faili. Namba tunainakili kama ilivyo, ikianza na IOR/R/15, ili yeyote aweze kurudi kwenye ukurasa wenyewe. Tumebishana kama Marjan aandikwe Marijani au Marjani. Mwenye bibi wa Lamu au wa Unguja aje Alhamisi atusaidie.