Washangiliaji wa Marekani: kazi ya jasho, malipo ya soda

Kwenye mechi za Marekani utawaona wasichana kando ya uwanja, wakirusha miguu na kutikisa vishada vya rangi mikononi. Huko huitwa chialida; hapa tutawaita washangiliaji. Wengi wetu tunawaona kama pambo. Lakini hii ni kazi, na malipo yake yamefikishwa hadi mahakamani.

Walioianza walikuwa wanaume. Novemba 1898, timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilikuwa imechoka kufungwa. Mwanafunzi Johnny Campbell akasimama mbele ya mashabiki, akawaongoza kupaza sauti kwa pamoja, na Minnesota ikashinda siku hiyo. Wanawake waliingia kikosini chuoni hapo mwaka 1923. Vita Kuu ya Pili ilipowapeleka vijana wa kiume jeshini, wasichana wakajaza nafasi zao.

Baadaye yakaja mashindano ya washangiliaji wenyewe. Hapo hawashangilii timu yoyote: wanapandana mabegani, wanarushana hewani na kudakana. Asipodakwa mtu, shingo inaweza kuvunjika. Hata hivyo, mwaka 2012 mahakama ya rufaa nchini humo ilisema mashindano ya aina hiyo bado hayajafikia kuhesabiwa kuwa mchezo kamili wa chuo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho lao mwaka 2021.

Kwa wanaolipwa, jina kubwa ni Dallas Cowboys. Mwaka 1972 klabu hiyo ilileta wacheza ngoma waliofunzwa hasa, ikawavika sare ya buluu na nyeupe. Klabu ikapata umaarufu. Wao walipewa dola 15 kwa mechi.

Mwaka 2014 mshangiliaji wa Oakland Raiders alikwenda kushtaki. Yeye na wenzake walilipwa dola 125 kwa mechi, mazoezi bure, na fedha zenyewe wakisubiri hadi msimu uishe. Ukisahau vishada, unakatwa. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.25, na mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria kwamba washangiliaji wa timu za kulipwa ni waajiriwa, wapate angalau kima cha chini cha mshahara.

Wale wa Dallas walipata nyongeza mwaka 2025, iliyoripotiwa kufikia asilimia 400. Bima ya afya haikuwamo.