Jinsi kompyuta inavyoongeza na kupunguza mwangaza wa taa ya LED

Katika vijiji vinavyozunguka soko la Shianda, kwenye barabara ya Kakamega kuelekea Mumias, taa ya LED si kitu kigeni. Ndiyo hutumiwa katika nyumba zinazotegemea umeme wa jua. Mvua ya Kakamega aghalabu hunyesha alasiri, na betri huweza kuingia usiku ikiwa haijajaa. Kwa hivyo, anayejua kupunguza mwangaza hujua pia kulinda akiba hiyo.

Somo hili hufanyika mezani kwa kompyuta na maikrokontrola, yaani chipu inayopokea maagizo na kuwasha au kuzima umeme kwenye pini zake. Inayotumiwa sana na wanafunzi ni ya bodi ya Arduino, iliyobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka wa 2005.

Bodi aina ya Uno huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, unaobeba umeme wa volti 5 pamoja na ujumbe. Mguu mrefu wa LED huunganishwa na pini nambari 9 kupitia rezista ya omu 220, nao mfupi huingia pini ya GND. Rezista isiachwe. LED nyekundu huchukua takriban volti 2. Volti 3 zinazosalia zikigawanywa kwa 220 hutoa mkondo wa miliampia 14 hivi, ambao taa na pini huuhimili.

Wengi hudhani kwamba pini hupunguza volti. Sivyo. Pini huwasha na kuzima tu, takriban mara 490 kila sekunde, na jicho huona mwanga mmoja uliotulia. Kinachobadilika ni muda wa kuwaka. Namba 0 huzima taa, 255 huiwasha muda wote, na 64 huiwasha robo ya muda.

Mtumiaji huandika namba kwenye kompyuta, nayo programu iliyo ndani ya bodi huisoma. Pande zote mbili sharti zitumie kasi moja, kwa mfano biti 9600 kwa sekunde. Aidha, namba 128 husafiri kama tarakimu tatu zinazofuatana. Programu isipozikusanya kwanza, taa hubadilika ovyo.

Ikiwaka robo ya muda, taa hutumia takriban robo ya umeme wake, ilhali jicho huona mwanga umepungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Hapo ndipo ilipo faida kwa mwenye betri.

Hata hivyo, taa kubwa ya chumba haifai kuunganishwa moja kwa moja na pini, kwani mkondo wake huweza kuunguza chipu. Huhitaji transista ya kuubeba mkondo huo. Nao umeme wa nyumbani wa volti 240 haufai kabisa kwa majaribio haya.