Ada ya Kuletewa Chakula na Bakshishi Iliyopotea Njiani

Mwezi wa Desemba mwaka 2025 ilitimia miaka 65 tangu ndugu wawili, Tom na James Monaghan, wakiwa na mkopo wa dola 900, waliponunua duka dogo la piza katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Na kwa kuwa leo mtu wa Nairobi akiagiza chakula kwa simu hukuta chini ya bei ya sahani ada nyingine ya kuletewa, na aghalabu hunung'unika, yafaa tuiangalie historia ya ada hiyo tangu duka lile, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Domino's, na ambalo kuliko jingine lolote liliwazoesha watu kuamini kwamba chakula huweza kufika mlangoni bila malipo ya mwendo.

Tom aliyasimulia maisha yake katika kitabu kiitwacho Pizza Tiger, kilichochapwa mwaka 1986, na anayekisoma huona wazi kwamba fahari yake kubwa ilikuwa katika kuufikisha mkate ule ungali moto. James hakukaa sana. Kabla ya mwaka kutimia aliitoa sehemu yake ya biashara, naye akapewa gari kuukuu la Volkswagen lililokuwa likitumika kupelekea piza. Tom akabaki na duka, akatangaza kwamba kupelekewa ni bure, na hatimaye akaweka dhamana iliyovuma nchi nzima, kuwa piza ikipita nusu saa bila kufika mteja hatalipa, au, kama sharti lilivyolegezwa baadaye, atapunguziwa dola 3.

Lakini gharama ya mwendo haikuondoka kwa kutotajwa. Ilikuwa imefichwa katika bei ya piza, na sehemu yake nyingine ilibebwa na vijana waliokimbiza magari wakishindana na saa. Mwaka 1993 baraza la mahakama katika mji wa St. Louis lilitoa hukumu ya fidia ya zaidi ya dola milioni 78 kwa mwanamke aliyekuwa amegongwa mwaka 1989 na gari la mmoja wao, na mwezi huo huo kampuni ikaiacha dhamana yake. Mwaka 1998 Tom akauza sehemu kubwa ya kampuni, na katika miaka iliyofuata makampuni makubwa ya piza, moja baada ya jingine, yakaanza kutoza ada ya kupeleka.

Wateja waliipokea ada hiyo kwa namna ambayo ningependa kila mwenye mkahawa aitafakari. Wengi hawakugoma, walilipa, kisha wakaipunguza bakshishi, kwa kudhani kwa nia njema kabisa kwamba fedha ile imekwisha mfikia mchukuzi. Haikumfikia yote. Ndipo Domino's ikachapa juu ya masanduku yake kwamba ada ya kupeleka si bakshishi ya dereva, maneno ya kweli ambayo, kwa maoni yangu, yalimwelemea mtu dhaifu kuliko wote, kwa sababu aliyeyasoma alikuwa amekwisha kulipa, na aliyepungukiwa ndiye aliyesimama mlangoni na sanduku mkononi.

Zama za simu zikaja na programu zake, na ugomvi ule ule ukazidi ukubwa. Mwaka 2019 DoorDash, kampuni yenye programu mojawapo ya hizo, ililaumiwa vikali kwa kuihesabu bakshishi ya mteja kuwa fungu la ujira ambao yenyewe ilimwahidi mchukuzi, hata ikalazimika kuubadili utaratibu huo. Kisha ukazuka ubishi katika mji wa Seattle, ambako tangu Januari 2024 sheria ya mji iliamuru wachukuzi walipwe si chini ya senti 44 kwa dakika na senti 74 kwa maili, au dola 5 kwa safari fupi. DoorDash na Uber Eats zikajibu kwa kuongeza kila moja ada ya dola 4.99, na wateja wakajibu kwa kuacha kuagiza: DoorDash ilitangaza kwamba katika majuma mawili ya kwanza maagizo 30,000 yalikuwa yamepungua. Wenye mikahawa walilalamika, na wachukuzi wenyewe wakagawanyika mbele ya baraza la mji, hawa wakisema ujira sasa ni wa haki, wale wakisema wanashinda wamekaa bila safari, na mswada wa kuupunguza ujira huo ukaletwa mwaka huo huo usipite. Mimi sioni kwamba kosa lilikuwa la ujira. Kosa lilikuwa kumtupia mteja ada nzima kwa mara moja, pasipo kumwonyesha ni kiasi gani kinakwenda kwa nani.

Kwetu Afrika Mashariki mambo hayo ni mapya. Jumia Food, iliyotangulia, ilifungwa Kenya na Uganda mwishoni mwa mwaka 2023, na Glovo na wenzake wanaendelea Nairobi, ambako chakula hubebwa na vijana wa pikipiki juani na mvuani. Huko Marekani jimbo la California lilipitisha mwaka 2021 sheria inayokataza makampuni haya kubakiza hata senti ya bakshishi, na inayoyataka yaonyeshe mchanganuo wa malipo ya kila agizo. Na bunge letu lingeweza kutunga sheria kama hiyo, ikiongeza mstari mmoja katika stakabadhi, wenye kutaja shilingi anazopata mwenye pikipiki.